Shekhe na Mwanaharakati Wakae Mkeka Mmoja

Ndugu msomaji, wiki hii nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa, kwa sababu ya barua niliyoletewa na dada yetu mmoja, mkaazi wa hapa Mombasa. Dada huyu asili yake ni Nyamira, kwenye vilima vya chai na migomba, magharibi mwa nchi yetu. Alisilimu miaka mingi iliyopita, akaolewa huku pwani, na Mwenyezi Mungu akamruzuku watoto watatu. Kifungua mimba wake ni binti wa miaka tisa. Sasa mama yake mzazi amempigia simu kutoka Nyamira, akimtaka amlete mjukuu likizo ya Desemba ili "akawe pamoja na wenzake". Dada yetu anaijua maana ya maneno hayo. Yeye mwenyewe alipelekwa katika likizo kama hiyo, na aliyoyapata hajayasahau hata leo.

Alipotaka ushauri alimwendea kwanza mwanaharakati mmoja wa haki za wanawake, aliyekuwa akitoa mafunzo mtaani. Kabla hajamaliza kueleza, aliambiwa kwamba hayo ndiyo matunda ya dini, na kwamba mwanamke aliyekubali kujifunika buibui atakubali na mengine. Akaondoka machozi yakimlengalenga. Siku ya pili akamwendea ustadhi mmoja. Ustadhi aliposikia maneno "haki" na "ukeketaji" yakitamkwa pamoja, alikunja uso, akamwambia kuwa hizo ni kelele za watu wanaotaka kuvunja nyumba za watu, na kwamba mwanamke mwenye stara hazungumzi mambo kama hayo. Hakumwambia ndiyo, wala hakumwambia la.

Barua yake inamalizika hivi: "Nimewaendea watu wawili wenye elimu, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nami Desemba hainingoji."

Dada zangu, nimeisoma barua hii mara nyingi. Wako watu katika nchi hii tunaowaita wanamageuzi, wanaodai haki kwa lugha ya katiba na sheria. Wako na wengine tunaowaita wahafidhina, wanaoilinda dini na malezi kwa lugha ya Kitabu na ya wazee. Kila upande una mabaraza yake, na kila upande huwasema wenzao wakiwa hawapo. Baina ya mabaraza hayo mawili amesimama mtoto wa miaka tisa, hana wa kumsemea. Mimi nasema pande hizi mbili zina wajibu wa kuzungumza, na Kisii na Nyamira zinatufundisha gharama ya mazungumzo yaliyofanywa nusunusu.

Tuwatazame kwanza wenzetu hao. Wengi wetu tunawajua kwa vinyago na vyombo vya jiwe laini la Tabaka vinavyouzwa kwa watalii katika maduka yetu. Ni watu wa dini sana. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Nyabururu, na Waadventista wakafika Nyanchwa, mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo ni shida kupita kijiji kisicho na kanisa. Waislamu huko ni wachache, wakiwemo Wanubi wa mji wa Kisii. Watu wa Kisii na Nyamira wanapenda elimu mno, na binti zao wanasoma hadi vyuo vikuu. Hata hivyo, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kiasi cha asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 21. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulipata kiasi cha asilimia 77 kwa Wakisii na asilimia 15 kwa nchi nzima. Nchi inaliacha jambo hili kwa kasi, na wao wanaliacha kwa mwendo wa kobe.

Kwa nini? Haikosi kuwa sababu ni nyingi, lakini moja inatuhusu sana katika mada yetu. Kwa miaka mingi, wanaharakati na watumishi wa afya waliofika huko walizungumza habari ya madhara ya mwili: damu, vidonda, wembe mmoja uliotumika kwa wasichana wengi, maradhi, uzazi wa taabu. Waliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini waliishia hapo. Mama wa Kisii alisikiliza kwa makini, akafahamu kuwa aibu ni ya wembe mchafu, akamchukua binti yake akampeleka kwa muuguzi. Muuguzi akatumia kifaa kisafi na sindano ya ganzi, nyumbani usiku au zahanatini mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2004 shirika la utafiti la Population Council lilitoa taarifa mahususi juu ya jambo hili baina ya Wakisii, kwa jinsi lilivyokuwa limehamia mikononi mwa watu wa hospitali. Sherehe, nyimbo na mikusanyiko vilipungua, umri wa wasichana ukashuka, na tendo lenyewe likabaki, safari hii likiwa limejificha.

Hayo ndiyo niliyoyaita mazungumzo ya nusunusu. Mwanaharakati alilijibu swali la daktari, na mama wa Kisii alikuwa na swali jingine kabisa. Yeye alitaka kujua: binti yangu ataitwaje? Kwa lugha yao, msichana ambaye hajakatwa huitwa egesagane, na aliyekatwa huitwa omoiseke. Neno la kwanza ni tusi ambalo mwanamke mzima anaweza kutupiwa na mawifi zake hata baada ya kuzaa. Sindano ya ganzi haiondoi tusi hilo, wala mabango ya barabarani hayaliondoi. Lingeondolewa na watu ambao mama huyo anawaamini katika mambo ya heshima: mchungaji wake, mama mkwe wake, wazee wa ukoo wake. Na watu hao hao ndio walioitwa mwisho, au walioitwa ili wasomewe makosa yao.

Kwa upande wa pili, makanisa nayo yana sehemu yao. Msimamo wa viongozi wengi ulikuwa wazi, kwamba dini yao haiamrishi jambo hili. Lakini kulitaja mimbarini lilikuwa jambo la aibu. Kiongozi wa dini akiona haya kulitaja jambo, waumini huuchukua ukimya wake kuwa ruhusa. Ndiyo maana ikawezekana mtu kwenda ibada asubuhi na kumpeleka binti kwa muuguzi jioni, asione kuwa amefanya mambo mawili yanayopingana.

Penye mazungumzo ya kweli, mambo yalibadilika. Mwaka 1996, Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH walianzisha huko Tharaka utaratibu wa kumpandisha msichana daraja ya utu uzima bila kumkata: hukaa na wenzake, hufundishwa, hupewa zawadi na hushangiliwa. Utaratibu huo ulienea mpaka Kisii, na makanisa yakaupokea katika likizo za shule. Mwanamageuzi alikubali kuwa mafunzo na sherehe vina thamani. Mhafidhina alikubali kuwa thamani hiyo haiko katika wembe. Hakuna aliyeacha dini yake wala aliyeacha kudai haki, na kila mmoja alitoka na kitu.

Sasa tujitazame sisi, maana kumhukumu jirani ni kazi nyepesi. Nyumba nyingi za Waswahili wa pwani hazina mila hii, lakini wapo Waislamu wenzetu walio nayo, hasa ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki, na wengi wao wanaitakidi kuwa ni sehemu ya dini. Mwanaharakati anayesimama mbele yao na kusema "Uislamu hauna jambo hili", kisha akaketi, anasema neno ambalo mtu aliyesoma vitabu atalirudisha mara moja. Katika madhehebu yetu ya Shafi wapo wanazuoni wakubwa wa zamani walioandika kuwa tohara ni wajibu kwa mwanamume na mwanamke. Wapo wa madhehebu mengine walioona kuwa kwa mwanamke si wajibu. Tukimficha mtu ukweli huu tutakuwa tumempa sababu ya kutotuamini katika kila jambo jingine.

Basi anayepaswa kujibu hapo ni mwanachuoni, na wanazuoni wamejibu. Mwezi wa Novemba 2006, wanazuoni kutoka nchi mbalimbali walikutana Cairo, katika Al-Azhar, wakalijadili jambo hili pamoja na madaktari. Madaktari walieleza madhara, na wanazuoni wakazitazama hadithi zinazotolewa kuwa hoja, ambazo wataalamu wengi wa hadithi wameona sanadi zake ni dhaifu. Wakaamua kwamba ukeketaji unaodhuru hauna msingi katika dini na unapaswa kukomeshwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2007, binti wa miaka 12 alifariki huko Misri baada ya kukatwa na daktari, katika kliniki, kwa dawa ya usingizi. Mufti wa Misri wa wakati huo, Shekhe Ali Gomaa, akatangaza kuwa ni haramu. Tazameni, dada zangu: ile sindano iliyodhaniwa Kisii kuwa ndiyo salama, ndiyo iliyokuwapo mtoto yule alipokufa Misri.

Fatwa ile haikutolewa na mtu aliyewadharau wanazuoni wa kale. Ilitolewa na mtu aliyesoma kwao, akaipima kauli yao kwa kanuni ile ile waliyotufundisha wao, kwamba madhara huondolewa na kwamba mwili wa mja ni amana. Nayo isingepatikana kama daktari asingekubali kukaa na shekhe, na shekhe asingekubali kumsikiliza daktari.

Iko pia sheria ya nchi. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inamshika aliyekata, aliyempeleka mtoto, aliyetoa nyumba yake itumike, na aliyejua akanyamaza. Adhabu ya kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Muuguzi na daktari hawakuachwa nje, na akifa mtu adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: kumtukana mwanamke kwa sababu hakukatwa ni kosa pia. Waliotunga sheria walilijua neno egesagane na wenzake.

Lakini sheria nayo ilikwenda mahakamani. Mwaka 2017, daktari mmoja Mkenya, Bi Tatu Kamau, aliishtaki sheria hiyo akisema kuwa mwanamke mzima ana haki ya kuuamulia mwili wake na kuifuata mila yake, na kwamba sheria inamnyima uhuru huo. Tarehe 17 Machi 2021 majaji watatu wa Mahakama Kuu walilikataa ombi lake. Nimeikumbuka kesi hii kwa sababu inatupa zingatio. Aliyeitetea mila alizungumza lugha ya uhuru, lugha ya wanamageuzi wenyewe. Nao waliompinga walizungumza habari ya kumlinda mtoto na kuilinda familia dhidi ya shinikizo la ukoo, lugha ambayo shekhe yeyote angeweza kuitumia kwenye hotuba ya Ijumaa. Ikiwa maneno yetu yamekwisha kuvuka mpaka, kwa nini sisi wenyewe tushindwe?

Kwa hivyo nina neno kwa kila upande, na naomba lipokewe kwa moyo mweupe.

Kwako wewe mwanaharakati, dada yangu au kaka yangu: unapoingia katika baraza ya wenye dini, usianze kwa kuwavua nguo. Mama anayemfunika binti yake na kumpeleka madrasa hana uadui na haki za binti huyo. Kwake yeye, stara na elimu ya dini ni katika haki za mtoto. Uliza kabla hujashtaki. Ukija kwa jambo la ukeketaji, zungumza la ukeketaji. Usilichanganye na mambo mengine kumi ambayo unajua hatukubaliani, kwani hapo utalipoteza hata lile ambalo tungekubaliana. Na ukishinda hoja, usishangilie mbele ya wazee. Mtu aliyeaibishwa haendi nyumbani kubadilika, huenda kujificha. Kisii imekuonyesha.

Kwako wewe shekhe, ustadhi, na mwalimu wangu wa madrasa, nazungumza kwa adabu zote ninazostahiki kuzichunga. Mwanamke anapokujia na swali hili, amekwisha kuivuka bahari ya haya kabla ya kufika mlangoni pako. Usimrudishe. Kama unalo jibu, mpe. Kama huna, mwambie utalitafuta, na umtajie siku ya kurudi. Wasiwasi wako kwamba kuna watu wanaotumia neno "haki" kuingiza mambo yasiyoafikiana na dini yetu si wasiwasi wa bure, nami nakuunga mkono. Lakini ukiuacha uwanja kwa kuogopa vumbi, watasema wengine kwa niaba yako, na mtoto atakatwa kwa jina la dini ambayo wewe ndiye mlinzi wake. Mimbari ina Ijumaa zaidi ya hamsini kwa mwaka. Moja kabla ya likizo ya Agosti na moja kabla ya likizo ya Desemba si nyingi.

Na sisi mama, tulio katikati, tuna la kuwapa wote wawili. Pwani yetu ina somo. Binti anapobaleghe hukabidhiwa mwanamke mtu mzima, mwenye siri na busara, amfundishe tohara ya maji na ya moyo, usafi, haya, hedhi na sala zake, heshima kwa wakubwa, na baadaye mambo ya ndoa. Mwari hutoka mikononi mwa somo akiwa mtu mzima kamili, bila kumwagika tone la damu. Hatukuifunzwa njia hii na semina, wala mababu zetu waliokuwa mafundi wa fiqhi hawakuiona kuwa ni upungufu katika dini. Mama wa Nyamira anapouliza, "Binti yangu atakuwaje mtu mzima bila kukatwa?", sisi tunalo jibu lililoishi. Lakini wangapi wetu bado tunawapa binti zetu somo? Wengi tumeiachia simu kazi hiyo. Tusije tukawahubiria wenzetu kwa kitu ambacho sisi wenyewe tumekitupa.

Sasa nirudi kwa dada yetu mwenye barua. Dada yangu, jibu langu kwako ni hili. Desemba hii binti asiende peke yake, wala asikabidhiwe mtu mwingine ampeleke. Zungumza na mumeo kwanza, mwe na kauli moja. Na mkihofu kuwa mtoto yuko hatarini, nambari 116 hupigwa bure na hupokewa na watu wanaolinda watoto. Lakini usianze na polisi kwa mama yako mzazi. Anza na simu. Usimwambie kuwa yeye ni mkatili, kwani alilokufanyia alidhani anakulinda, na haki yake ya wema kwako haikuanguka kwa sababu ya kosa lile. Mwambie lile ambalo hukuwahi kumwambia: uliyoyapata wewe. Huenda hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwako. Kisha mwalike. Mtumie nauli, aje yeye Mombasa akae na mjukuu wake, amuone anavyosoma Qur'ani, anavyosaidia jikoni, anavyoamkia wakubwa. Mwache amuone mtoto mwenye adabu kamili, ajiulize mwenyewe ni kitu gani kilichopungua.

Nilimpelekea jibu hili kabla ya kuliandika hapa, naye akaniruhusu niwashirikishe nyinyi wasomaji. Ameniambia kuwa amekwisha kupiga simu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema atafikiria. Hajasema atakuja. Hajasema hatakuja. Tiketi ya basi imeshatengewa pesa, na binti ameanza kuuliza nyanya atalala chumba gani.

Yule ustadhi naye, dada yetu amemrudia, safari hii akiwa na mumewe, na ameahidiwa jibu baada ya Ijumaa mbili. Mwanaharakati bado hajamrudia, lakini amesema atamrudia, na atavaa buibui lake lile lile.

Tumuombe Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu, awahifadhi watoto wetu wote, wa pwani na wa bara, Waislamu na wasio Waislamu, na atujaalie tuwe wenye kusikiliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.